Soja yangu ya Walungu na ule unga mweusi

Msimu wa kwanza pesa yangu ilipotea. Nilinunua pakiti ya rizobia, ule unga mweusi wa kupaka mbegu za soja, kwa muuzaji mmoja hapa Bukavu aliyeianika juani juu ya meza. Nikaiweka tena siku nne chini ya bati, kisha nikaenda kupanda shambani kwangu Walungu, nje ya mji. Soja ikaota ya njano, fupi. Niliumia sana.

Nilidhani nimenunua mbolea, kumbe nilinunua viumbe hai. Ule unga ni udongo wa kinamasi uliobeba bakteria. Joto likiwaua, pakiti haibadiliki hata kidogo kwa macho. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini mmea peke yake hauwezi kuila. Bakteria hawa huingia mzizini, wakajenga vinundu, wakaigeuza naitrojeni hiyo kuwa chakula cha soja. Soja nayo huwalipa sukari. Na soja asili yake ni Asia ya Mashariki, ndiyo maana mashamba mengi ya huku hayana bakteria wake wa kutosha.

Msimu uliofuata nilinunua pakiti iliyotunzwa kivulini, nikapanda kesho yake. Kilo moja ya mbegu, gramu 10 za unga. Niliketi chini ya mgomba na beseni, nikalowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, nikazigeuza taratibu mpaka kila moja ikawa nyeusi. Mbegu yenye dawa ya kuua kuvu usiitumie, inaweza kuwamaliza bakteria. Mistari mitatu niliiacha bila unga ili nilinganishe, na hiyo ndiyo niliyoipanda kwanza, maana mikono ingewapeleka bakteria huko. Kote nilitia samadi na mbolea ya fosforasi, kwa kuwa udongo wetu umechoka na vinundu havijengeki bila fosforasi. Yurea sikugusa: soja ikishapewa naitrojeni mkononi, haihangaiki na vinundu.

Maua yalipotoka nilichimbua mche kwa jembe (ukiung'oa, vinundu vinabaki ardhini), nikaosha mizizi. Mama mkwe akashtuka.

"Binti yangu, shamba limeingiwa na ugonjwa!"

Hofu yake ilikuwa na sababu, kwani kuna minyoo inayovimbisha mizizi. Ila uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe, haubanduki. Kinundu kimeshikizwa tu pembeni, ukikisukuma kwa kidole kinatoka. Nikampasulia kimoja kwa ukucha. Ndani chekundu kama nyama mbichi. Wekundu huo unatokana na kitu kinachofanana na kile cha damu yetu, nao ndio dalili kwamba kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hakikulishi. Tukachimbua na mche wa mistari mitatu: vinundu viwili, vyeupe. Mama mkwe akavishika muda mrefu bila neno.

Siku ya kuvuna, mistari mitatu isiyopakwa haikujaza ndoo. Mitatu iliyopakwa, ya kando yake, ilijaza ndoo ileile, soja nyingine ikamwagika.

Sasa mama mkwe anataka unga wa maharage yake. Imenibidi nimweleze kwamba bakteria wa soja hawalishi maharage, yana wa kwao. Unga wa maharage bado nautafuta. Wa soja umelala ndani ya chungu, kwenye kona isiyofikiwa na jua, ukingoja mvua za Septemba.