Fungua mkanda kwanza: siku moja maishani mwangu, Busia

Saa 12:15 asubuhi
Malori yaliyolala kwenye foleni ya mpakani yameshaanza kunguruma. Nakunywa chai ya maziwa, natia koti jeupe kwenye mfuko, napanda boda. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi huniita musawo, yaani daktari, na wenye subira huuliza kazi yangu hasa ni nini.

Saa 2:00 asubuhi
Benchi limejaa. Naanza na mzee aliyepigwa kiharusi, tunahesabu hatua zake kutoka kitandani hadi dirishani. Leo ni kumi na nne. Juma lililopita zilikuwa tisa.

Saa 3:20 asubuhi
Anaingia mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, soko la Sofia hapa mjini. Samaki wake hutoka Majanji, kando ya Ziwa Victoria. Anakaa upande, paja la kulia limenyooshwa, na ameinua kitambaa cha gauni kwa vidole viwili kisimguse.

"Musawo, linawaka kama limemwagiwa uji wa moto. Nikiligusa, ni kama si langu."

Ni mwezi wa nne sasa tangu lianze. Duka la dawa lilimchoma sindano za baridi yabisi. Nyumbani wakasema ametupiwa kitu, na kweli naziona chale tatu mpya pajani. Usiku hulikanda kwa taulo la maji ya moto. Hilo namkataza hapo hapo: ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Nampa kalamu, achore mwenyewe mpaka wa ganzi. Anachora duara refu ubavuni mwa paja, kuanzia pale mfuko wa suruali unapoishia hadi juu kidogo ya goti. Halivuki goti wala haliingii ndani ya paja. Nagonga goti kwa nyundo ya mpira, mguu unaruka vizuri. Namwambia asukume mkono wangu kwa mguu. Ananisukuma hadi nasogea. Nguvu zote zipo. Hapo moyo wangu unatulia, kwa sababu neva ninayoishuku haina kazi ya kuendesha msuli wowote. Inabeba hisia za ngozi tu.

Nambonyeza kwa kidole gumba karibu na mfupa wa nyonga unaochomoza mbele, kwa ndani kidogo. Anashtuka: "Hapo! Linapiga mpaka chini!" Namlaza ubavu wa kushoto, naweka viganja vyote juu ya nyonga ya kulia na kukandamiza kuelekea chini huku nikitazama saa ya ukutani. Kwa sekunde 45 ukano wa kinena, ule utepe mgumu uliovuka juu ya neva, unalegea na neva inapata nafasi. Sekunde zinakwisha, mama amefumba macho. "Limepoa," anasema kwa sauti ndogo.

Namwomba afungue gauni kiunoni. Chini yake kuna kikoi kilichofungwa mara mbili, na ndani ya kikoi, pesa. Za Kenya kushoto. Za Uganda kulia, bunda nene, limekaa juu ya mfupa ule ule. Hufunga saa 11 alfajiri, hufungua usiku.

Namweleza hivi. Waya wa umeme ukibanwa na mlango, taa ya chumbani hupepesa. Ukibadilisha balbu mara kumi, itapepesa tu. Paja lako ni taa, mama. Neva hii hutoka pingili ya pili na ya tatu za kiuno, inazunguka ndani ya nyonga, inapita chini ya ukano wa kinena, ndipo inashuka kwenye ngozi ya paja. Mlango unaoibana ni pale ulipofunga pesa. Jina lake la kitabuni ni meraljia parestetika, lakini jina halitamsaidia sokoni.

"Sasa pesa niweke wapi? Wezi hawalali."

Swali hili nalichukulia kwa uzito kuliko swali la dawa. Nikisema tu "usifunge", atatoka hapa na kufunga tena, na atakuwa na haki. Tunakaa robo saa nzima na shuka kuukuu: tunajaribu mfuko wa kuvuka kifuani, ndani ya blauzi, na tunagawanya pesa ili asubuhi ampe mwanawe za Kenya. Kikoi kitafungwa juu zaidi, kwenye kiuno chembamba, na kwa kulegea. Asilalie upande huo. Atembee jioni apunguze uzito kidogo, kwa sababu tumbo nalo hubana. Parasetamo maumivu yakizidi. Nampima sukari, maana kisukari huzidisha udhaifu wa neva, iko sawa.

Wengi hupona kwa majuma au miezi michache, kizuizi kikishaondolewa. Wasiopona, daktari huwaandikia dawa za maumivu ya neva, amitriptilini au gabapentini, au huwachoma sindano ya ganzi na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, karibu na neva. Upasuaji ni wa wachache sana. Namwambia yote haya ili asije akauziwa cha mwisho kabla ya cha kwanza.

Saa 5:00 asubuhi
Mjamzito wa miezi minane, paja la kushoto, hadithi ile ile bila mkanda wowote. Tumbo lenyewe limeuvuta ukano. Suruali ya kubana tunaiacha, nguo pana tunaikaribisha. Kwa kawaida hali hii hupungua baada ya kujifungua, na kulisikia hilo tu kulimfanya alie.

Saa 7:00 mchana
Posho, yaani ugali, na mukene wa karanga.

Saa 8:30 mchana
Dereva wa lori, ametoka Mombasa anaelekea Kampala. "Paja linawaka," anasema, na msaidizi wangu tayari ananitazama kama vile jibu tunalo. Nagonga goti la kulia: kimya. La kushoto linaruka. Namwomba apande kibao cha ngazi, goti linakunja chini yake. Mgongo umemuuma tangu Nairobi, na maumivu hushuka mbele ya paja hadi ndani ya goti. Hii siyo neva ya ngozi. Inawezekana mzizi wa neva nyingine umebanwa mgongoni kwenyewe.

Namuuliza kuhusu mkojo na choo, na kuhusu ganzi sehemu za siri. Anasema hana. Angekuwa nayo, ningemtafutia gari saa hiyo hiyo. Namwandikia barua ya hospitali ya rufaa Mbale na kumwambia asiendeshe na goti lisiloaminika. Ananijibu kuwa mzigo una tarehe. Nampigia tajiri wake mwenyewe, simu mbili, mpaka akapatikana dereva mwingine.

Saa 10:40 jioni
Askari wa ulinzi anarudi, mwezi wa pili sasa. Kwenye mkanda wake alibeba redio, rungu, tochi na pingu, akiwa wima kwa muda wa saa 12. Msimamizi wake alikataa kabisa alegeze mkanda, akasema ni uvivu. Niliandika barua mbili. Ya pili ilikubaliwa, na vifaa sasa vinaning'inia begani kwa kamba pana. Mwaka 1895 Vladimir Roth, daktari Mrusi, aliupa ugonjwa huu jina kutokana na Kigiriki cha paja na maumivu, baada ya kuuona kwa wapanda farasi waliofunga mikanda ya kubana. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunawaambia wagonjwa wa mkanda kwamba ni wavivu, na hilo linaniudhi.

Nampa kalamu. Duara lililokuwa kubwa kama sahani leo ni kama kiganja cha mtoto.

Saa 1:15 usiku
Napita Sofia kununua nyanya. Mama wa mukene ananiona kabla sijamwona, anapiga kifua chake mahali ulipo mfuko mpya.

"Musawo, nimefungua. Lakini bado linawaka."

"Umefungua leo tu, mama. Uje Jumanne ya juma la tatu, na kalamu nitakuwa nayo."

Ananipimia mukene vikombe viwili, anakataa kupokea pesa. Naziweka chini ya kikapu, upande wa kushoto.