Majina kumi na moja kwenye mataruma ya reli

"Nunua marumaru tu, ndugu yangu. Hiyo kutu itakupotezea muda," fundi wa kwanza aliniambia. Leo mnara wangu wa kumbukumbu, wa chuma cha reli ya zamani, umesimama kwetu Taveta na hauna hata kipande cha marumaru.

Baba wa babu yangu alichukuliwa kuwabebea mizigo Waingereza mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka uleule wa mapigano ya mlima Salaita karibu na kwetu. Hakurudi. Zile sanamu za Nairobi, za askari na mpagazi, zina maandishi yanayoahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Majina yenyewe hayapo! Nikakusanya majina kumi na moja ya watu wetu wasiorudi, kutoka kwa wazee wetu.

Chuma nilikipata kwa mzee aliyekuwa amevushia mfereji wake vipande vya reli na mataruma matano, yaani vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli, mabaki ya njia ya reli ya kutoka Voi iliyoanza kujengwa 1915 kupeleka majeshi mpakani. Tulipatana kwa mbuzi na pesa kidogo. Beba barua ya chifu. Mapema 2022 biashara ya chuma chakavu ilikuwa imepigwa marufuku, na mkokoteni wangu ulikaa nusu siku kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa maandishi. Nilinunua herufi za chuma za kugonga kwa nyundo, nikaanza na reli kwa kuwa ni nene. Herufi ya kwanza ikaacha alama kama ya ukucha. Nikaongeza nguvu, ya pili ikavunjika ncha, kipande kikarukia kwenye chai ya shangazi. Reli ni ngumu, imetengenezwa ivumilie magurudumu. Nililijua hilo baada ya kuua herufi tatu. Kilicho laini ni taruma. Tukalilaza juu ya makaa, fundi wa majembe akavuta mivukuto hadi likawa jekundu, ndipo nikagonga. Herufi zikazama kama kidole kwenye ugali. Ila chovya herufi majini kila mara, la sivyo nazo zinalainika.

Reli zikawa nguzo, mataruma yakafungwa kwa bolti. Rangi sikupaka, nilisugua kwa brashi ya waya nikapaka oili chafu ya trekta.

Shangazi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akapitisha kidole kwenye taruma la kwanza. "Huyu nani?" Jina la baba wa babu yangu mwenyewe, nimeruka herufi! Nikaligonga upya kwenye taruma jingine. Lile lenye kosa nimelifanya benchi, na shangazi ndiye hulikalia.