Mkwaruzo hautolewi na polishi

Wengi hununua kopo la Brasso au kipande cha dawa ya kung'arishia wakiamini kitafuta mikwaruzo. Hakifuti. Chembe za dawa hizo ni ndogo mno ukilinganisha na mkwaruzo unaonasa ukucha. Ukishikilia kusugua, kingo za mkwaruzo zinalainika, uso mzima unang'aa, na mkwaruzo nao unang'aa, tena unaonekana kuliko mwanzo. Anayetoa mkwaruzo ni msasa. Dawa inafuta tu alama za msasa wa mwisho.

Kabla ya kupiga msasa, jua umeshika nini. Chukua sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikinata kwenye kitasa cha "shaba", hicho ni chuma kilichochovywa. Isiponata, usishangilie bado, kwa sababu vitasa vingi vya bei ya chini ni zinki ya kumiminwa, na zinki hainati. Kwaruza kidogo kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana, mfano ndani ya tundu la skrubu. Shaba ya kweli ni ya njano mpaka ndani. Zinki itakuonyesha kijivu.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo swali la usukani na rimu za kromu haliishi. Jibu ni hapana, kromu haipigwi msasa. Tabaka la kromu la urembo kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Msasa namba 800 unalimaliza mara moja, unaiona nikeli yenye umanjano hafifu chini yake, na upepo wa bahari unaanza kazi yake. Kromu iliyokwaruzika osha, paka nta, basi. Ikikukera sana, ipeleke ikachovywe upya.

Kisha safisha. Chumvi na mchanga vikibaki juu ya kazi, msasa utavikokota na kuchimba mifereji mipya. Maji ya sabuni, halafu mafuta ya taa kama kuna grisi. Shaba nyingi za dukani zimepakwa vanishi ngumu isiyo na rangi. Itoe kwa tina mpaka kitambaa kisinate, la sivyo msasa utaziba na kazi itatoka mabaka mabaka. Weusi wa shaba hutoka kwa ukwaju au ndimu, hilo kila aliyesugua sinia la bibi analijua. Ila usiloweke usiku kucha. Asidi inakula zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha uso wa rangi ya waridi, na huo nao utakulazimu uutoe kwa msasa. Dakika tano hadi kumi zinatosha, kisha suuza na kausha.

Sasa namba: kadiri inavyopanda, chembe zinakuwa ndogo na msasa unakuwa laini. Kosa la kawaida ni kuanza na msasa mkali kwa sababu ndio uliopo mkononi. Jaribu kwanza 400: piga kama mara ishirini juu ya mkwaruzo. Ukianza kufifia, anzia hapo. Usipotikisika, shuka 240. Bado? 180, na 120 iwe ya mikwaruzo ya kuburuzwa kwenye zege. Kila namba unayoshuka ni deni, utalilipa kwa kupanda ngazi zote tena.

Ngazi yenyewe ni 180, 240, 400, 600, 800, 1000, na kwa anayemalizia kwa mkono bila mashine, 1500 au 2000. Usiruke zaidi ya mara mbili ya namba uliyotoka. P180 ina chembe za maikroni (sehemu za elfu za milimita) 82 hivi, P400 ni 35, P1000 ni 18. Anayetoka 180 kwenda 1000 anaiomba chembe ya maikroni 18 isawazishe mabonde ya chembe ya 82. Atasugua mpaka magharibi, na akija kupaka dawa mabonde yako palepale. Tazama pia nyuma ya karatasi: 600 yenye herufi P mbele na 600 isiyo nayo si sawa. Isiyo na P inafuata kipimo cha Marekani, na chembe zake ziko karibu na P1200. Ukichanganya bila kujua, unaweza kuruka ngazi au kurudi nyuma huku ukidhani unapanda.

Kanuni inayookoa kazi kuliko zote ni kubadili mwelekeo. Ukipiga 240 kwa kwenda na kurudi, piga 400 kwa kukatiza. Alama za 240 zitabaki zimelala upande mwingine, unaziona waziwazi, na huendi 600 mpaka ya mwisho ipotee. Ikipotea, ongeza muda kidogo, maana zilizo chini kabisa hujificha kwenye ung'avu wa maji. Macho yakichoka, paka wino wa maka peni juu ya uso mzima. Wino utakaobaki ndani ya mistari unakuonyesha pasipofikiwa.

Usishike msasa kwa ncha za vidole. Vidole vinne vinabonyeza mahali panne, na uso unatoka na mawimbi ambayo hutayaona mpaka ung'ae. Sehemu bapa itake kibao. Bomba na miviringo itake kipande cha ndala kuukuu, kigumu kiasi na kinachokubali kupinda. Mkwaruzo mmoja wa kina usiukazanie peke yake. Utachimba shimo, na uso wa kioo unatangaza shimo kuliko mkwaruzo. Tanua eneo, sentimita kadhaa kila upande, ukipunguza nguvu kadiri unavyotoka nje. Na kama bomba ni jembamba na mkwaruzo umeingia sana, acha ulipo. Mimi ningemshauri mwenye kazi aridhike na umaliziaji wa mistari mifupi ya upande mmoja, ya 240 au 320, unaoficha mengi.

Kuanzia 240 tumia msasa wa maji, na maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Badilisha maji kila unapobadilisha namba, osha kazi, osha kibao, osha na mikono. Chembe moja ya 180 ikibaki kwenye ndoo ya 800 itachora mstari mrefu wa peke yake, na fundi ataulaumu msasa mpya bure.

Stenlesi ina masharti yake, hasa huku kwenye hewa ya chumvi. Msasa uliogusa chuma cha kawaida, brashi ya waya ya chuma na stili wulu, vyote vikae mbali nayo. Vinaacha vipande vya chuma ndani ya mikwaruzo, na siku chache baadaye reli ya boti inatoka madoa ya kahawia, watu wanasema stenlesi ni feki. Yenyewe haina hatia. Stenlesi ya daraja la 316, yenye madini ya molibdenamu, inahimili chumvi kuliko ya daraja la 304, lakini hata 316 ikiachwa na uso wa msasa wa 120 itashika chumvi mifereji yote. Kwa hiyo kupanda mpaka 600 na zaidi kwenye stenlesi ya pwani ni kinga ya kutu pia. Stenlesi vilevile haitawanyi joto haraka. Ukiigandamiza kwa mashine inageuka njano au bluu, na rangi hiyo unarudi kuitoa kwa msasa.

Alumini inaziba msasa. Badala ya maji weka mafuta ya taa kidogo, fanyia nje, mbali na moto. Vumbi lake likiwa kavu lisikutane na cheche za grenda, maana linawaka vibaya.

Ukiwa na grenda ya mezani inayozunguka kama mara 2,800 kwa dakika na gurudumu la milimita 150, unaweza kusimama kwenye 400 au 600. Kwa stenlesi, anza na gurudumu la mkonge na dawa nyeusi, kisha kitambaa na dawa ya kijani. Ndiyo, mkonge huu huu wetu. Uzi wake mgumu unaishika dawa na kukata kuliko pamba. Kwa shaba na alumini, dawa ya kahawia kwanza, nyeupe au nyekundu baadaye, kila rangi na gurudumu lake. Grenda ya mkono ya mizunguko 11,000 usiifunge gurudumu la kitambaa: inaunguza, na gurudumu linaweza kupasuka. Kazi ishikwe chini ya kitovu cha gurudumu, ukingo mkali ukielekea chini, na bila glovu za kitambaa wala mikono mirefu ya shati. Vaa miwani na barakoa.

Kabla ya dawa kugusa kazi, ikaushe na uimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Mistari yote iwe ya upande mmoja na ya unene mmoja. Ukiona mmoja unaokatiza, rudi kwenye namba inayoweza kuumaliza, upande tena kutoka hapo. Shaba ikishang'aa, ifute mafuta ya dawa na uipake nta siku hiyohiyo, maana bila nta mng'ao wake kwa upepo wa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, ni waja leo waondoka leo.