Siku mbili Davos na kalamu nyekundu ya shemeji

Tulikuwa na siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili ya katikati ya Julai, na shemeji yangu alikuwa ameshapiga mstari mwekundu kwenye njia tano za baiskeli katika milima ya Alps, utadhani mwajiri wake amempa likizo ya mwezi mzima. Yeye ni mtu wa Moshi, ameishi Zürich miaka tisa, na mlima wowote anaouona anaupima kwa ule wa nyumbani, kwa hiyo huko Uswisi hakuna kilele kinachomtisha.

"Shemeji, tukiamka mapema zote zinawezekana," alisema huku akikunjua ramani ya pili juu ya ya kwanza.

Sikubishana naye. Nilimwomba tu anioneshe kila njia inaishia wapi, na tukifika hapo tutarudi vipi. Kwa swali hilo njia tatu zilianguka palepale. Livigno, upande wa Italia, ingetumeza nusu ya Jumamosi tukiwa bado safarini. Lenzerheide, iliyoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani mwaka 2018, ina njia mbili alizozitamani sana, zilizochongwa makusudi kwa ajili ya mchezo huo, lakini asiye na gari hupanda basi la posta kutoka Chur, na nafasi za baiskeli katika basi hilo ni chache. Anayezikosa hubaki kituoni. Zikabaki mbili za Davos, mji wa milimani huko Uswisi, na kilichoziokoa ni reli. Njia ndefu ya huko, inayoitwa Alps Epic Trail, huanzia juu ya mlima Jakobshorn na kushuka hadi kijiji cha Filisur, ambako treni ya reli nyembamba ya kampuni ya Rhätische Bahn hukurudisha Davos kwa muda wa nusu saa hivi.

Hapo ndipo tulipoanza kuisoma ramani kwa makini. Watu wengi huchagua njia kwa kilomita, nami naona hilo ni kosa, kwa sababu kilomita 40 za barabara ya tambarare ni mazoezi ya asubuhi, ilhali kilomita zipatazo 40 za njia hiyo ni kazi ya kutwa. Jakobshorn ni mita 2,590 juu ya usawa wa bahari na kituo cha Filisur ni mita 1,080, yaani unateremka mita 1,500 kabla hujahesabu vilima unavyovipanda katikati, ambavyo lifti haikusaidii. Tuliangalia pia daraja la ugumu. Wajerumani wana kipimo kinachoanzia S0, njia laini isiyo na kikwazo, hadi S5, ambayo wengi wetu tungeipita kwa kuibeba baiskeli begani. S1 ina mizizi na mawe madogo. S2 ina mawe yaliyolegea na vidaraja vya kushukia kama ngazi. S3 ina mawe makubwa na kona kali za kukunja, na kona za S4 usipojua kuinua gurudumu la nyuma na kuligeuza hewani huzipiti. Njia yetu ilikuwa ya S1 na S2 kwa sehemu kubwa, nasi tukakubaliana kwamba hapo ndipo pa kuishia.

Jumamosi tulipanda treni ya alfajiri, tukabadilisha treni Landquart, kila baiskeli ikiwa na tikiti yake kama abiria. Hadi saa nne na nusu asubuhi gari la kebo lilikuwa limetufikisha Jakobshorn, kwenye upepo mkali na viraka vya theluji vilivyosalia upande usiopata jua. Njia hapo juu ni mstari wa udongo na mawe, upana wake haufiki mita moja, na waendao kwa miguu wanaitumia pia, nao ndio wenye haki ya kwanza. Unapunguza mwendo, unasalimia "Grüezi", unangoja wapite. Shemeji aliwasalimia wote kwa sauti kubwa, na kwa wazee akaongeza "shikamoo", wakamjibu kwa tabasamu.

Tulishuka hadi bonde la Sertig, tukapanda tena tukitweta, na baadaye kidogo tukaingia Monstein, kijiji cha nyumba za mbao zilizokolea weusi kwa jua. Chini ya hapo ndipo nilipoharibu mambo. Kwa woga nilikuwa nimeshika breki mfululizo tangu asubuhi, kidogo kidogo lakini bila kuziachia. Kwenye mteremko wa mizizi nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na nilipovuta breki ya nyuma mkono wake ulikuja wote hadi ukagusa usukani, na baiskeli ikaendelea na safari. Nilijitupa upande wa mlimani, kwenye majani. Diski ya breki ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau na bluu kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Shemeji alidondoshea tone la maji kutoka kwenye chupa, likachemka na kutoweka.

"Unabana, unaachia, unabana, unaachia," alisema. "Breki ikipata pumzi inapoa. Wewe umeinyonga."

Tulikaa dakika ishirini na tano, tukila mkate na jibini, hadi mkono wa breki ukarudi kuwa mgumu. Kupitia Jenisberg nilienda kwa kubana na kuachia kama nilivyoagizwa, na tukafika Filisur saa kumi na moja jioni. Njiani kurudi treni ilivuka daraja la mawe la Wiesen, lililojengwa pamoja na reli hiyo na kufunguliwa mwaka 1909, mita 88 juu ya mto Landwasser. Nilitazama chini dirishani mara moja tu.

Jumapili shemeji alitaka ile njia ya pili, ya kushuka kutoka Weissfluhjoch, mita 2,662. Utabiri ulisema radi kuanzia mchana, na huko juu, miti inapokuwa imeishia, baiskeli si kitu cha kuwa nacho mkononi radi inapopiga. Tukachagua bonde la Dischma, mwendo wa polepole kando ya mto hadi Dürrboden, mahali barabara inapoishia, kisha kurudi kwa njia ileile. Alinung'unika kwenda na kurudi. Saa nane na robo, tukiwa chini ya paa la stesheni ya Davos Dorf, mvua ilianguka kwa mkupuo na Weissfluhjoch ikatoweka ndani ya wingu jeusi lililokuwa likimulikwa kutoka ndani. Aliitazama kwa muda, akaifuta helmeti yake kwa pindo la fulana, akasema chai ya siku hiyo ni juu yake.