Siku Moja Maishani Mwangu: Nafasi Moja, Vijana Wawili

Saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025. Usiku uliotangulia Florida walikuwa wametwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kwa kuwafunga Houston 65 kwa 63. Mimi, mzaliwa wa Mwanza na kocha msaidizi katika chuo kisicho na jina kubwa huku, niliamkia orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama vyuo vyao, kwa kuwa dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa tarehe 22.

Saa mbili asubuhi. Tulikutana ofisini tukiwa na nafasi moja tu ya ufadhili na vijana wawili: mlinzi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) wa miaka 22 aliyetaka kuhama chuo chake akiwa amebakiza msimu mmoja wa kucheza, na mwanafunzi wa sekondari niliyemfuatilia kwa miaka miwili. Kocha mkuu alitukumbusha kwamba walinzi watatu wa kikosi cha kwanza cha Florida walitoka vyuo vingine, Clayton akitoka Iona, Martin akitoka Florida Atlantic na Richard akitoka Belmont. Nikimtetea kijana wa sekondari, niliwataja chuo cha Duke, waliofika nusu fainali wakiwategemea vijana wa mwaka wa kwanza, akiwemo Khaman Maluach aliyekulia Uganda. Hata hivyo nilikiri kwamba Duke huchagua wamtakaye, ilhali sisi huchukua anayekubali kuja.

Saa nne. Nilitazama mechi za yule mlinzi, hasa zile alizocheza dhidi ya timu zenye nguvu, maana alama nyingi dhidi ya wanyonge hazinielezi lolote. Alikuwa na mwili uliokomaa, hakupoteza mpira alipobanwa na watu wawili, na alijua kusubiri. Kijana wangu wa sekondari ana mkono mzuri zaidi wa kurusha, lakini hajawahi kukabwa na mtu mzima.

Saa saba mchana. Ofisi ya taaluma ilithibitisha kwamba masomo ya mlinzi yangetambuliwa. Zamani anayehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 aliyehama kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kucheza bila kukaa nje, na mwaka 2024 akaruhusiwa kuhama tena na tena mradi masomo yake yawe sawa. Hapo ndipo hoja yangu ya kumlea kijana kwa miaka minne inapodhoofika, kwa sababu ninaweza kumfundisha miwili, akakomaa, kisha akachukuliwa na chuo chenye fedha nyingi. Bado naamini kazi yetu ni kufundisha, na nilimwambia hivyo kocha mkuu.

Saa kumi na moja jioni. Kocha mkuu alimchagua mlinzi.

Saa moja usiku. Nilimpigia kijana mwenyewe, kisha mama yake, kwa kuwa habari kama hiyo haitumwi kwa ujumbe. Mama aliniuliza kama nafasi ingekuwepo mwakani, nami sikuthubutu kumwahidi. Nilimwomba ruhusa ya kuzungumza na kocha wa chuo kidogo ambako mwanawe angecheza tangu siku ya kwanza, akaniruhusu.

Saa nne usiku nilimpata kocha huyo, akaomba video za kijana, nami nikamtumia zote.