Seva ya zamani ikigandia megabaiti 11, anza na waya

Faili la gigabaiti 4 linachukua dakika sita kutoka kwenye seva ya nyumbani hadi kwenye laptopu, na namba ya kasi imeganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Ukiona hivyo, usikimbilie kununua diski mpya wala kuongeza RAM. Namba 11 inajieleza yenyewe. Megabiti 100 ukigawanya kwa 8 ni megabaiti 12.5; toa sehemu inayoliwa na vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazosafiri pamoja na data), unabaki na 11 na ushei. Mahali fulani kati ya mashine hizi mbili, laini iliyopaswa kuwa ya gigabiti imeshuka hadi 100.

Na si umri wa mashine. Hata kompyuta ya zamani yenye prosesa ya Core 2 Duo na kadi ya mtandao ya gigabiti kwenye ubao wake inaweza kutoa megabaiti 110 kwa sekunde bila kuhema. Kifurushi cha intaneti nacho hakihusiki, maana faili halitoki nje ya nyumba.

Kwenye Linux, tafuta jina la kadi kwa `ip link`, kisha:

`sudo ethtool enp3s0` (weka jina la kadi yako badala ya enp3s0)

Soma mstari wa Speed. Ukisema 100Mb/s, teremka hadi orodha ya "Link partner advertised link modes". Hapo unaona upande wa pili unatangaza uwezo gani. Kama 1000baseT (yaani gigabiti) haimo, mara nyingi tatizo ni poti uliyochomeka: ruta nyingi za bei nafuu zina poti za 100 tu. Hapo nunua swichi ndogo ya gigabiti yenye poti tano, chomeka seva na kompyuta zote mbili kwenye swichi, halafu waya mmoja uende kwenye ruta. Data kati ya hizo mbili haitapita tena kwenye ruta.

Kama pande zote mbili zinatangaza 1000 lakini laini imekaa 100, mshukiwa wa kwanza ni waya, na hapa ndipo penye kazi. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu za nyuzi, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika kwenye pini 4, 5, 7 au 8, taa inawaka, intaneti inafanya kazi, kila kitu kinaonekana kizima. Kadi hujaribu gigabiti mara kadhaa, ikishindwa inashuka kimyakimya hadi 100. Kadi nyingine hazijui kushuka, basi laini inawaka na kuzima bila kutulia.

Shika kichwa cha RJ45, ile plagi ya plastiki kwenye ncha ya waya, ukielekeze kwenye mwanga. Meno manane yawe yameshuka sawasawa. Jino lililosimama juu kidogo kuliko wenzake halijatoboa uzi wake. Ganda la nje la waya liingie hadi chini ya kibanio cha plastiki, na jozi zisifumuliwe zaidi ya sentimita moja hivi. Ukibana upya, fuata mpangilio wa rangi wa T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea rangi ya fedha chini ya ngozi nyembamba ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa rahisi kwa mita madukani. Hukatika ukikunjwa mara chache, na kwenye meno ya RJ45 hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Kuubana upya ni kupoteza vichwa. Badilisha waya wote.

Kwenye matokeo ya ethtool, Duplex nayo isome Full, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ikisema Half, mara nyingi kuna upande ambao mtu aliulazimisha kasi kwa mkono. Rudisha: `sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on`.

Sasa pima mtandao bila kuhusisha diski. Tumia iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao: kwenye seva endesha `iperf3 -s`, kwenye kompyuta `iperf3 -c 192.168.1.10` (weka anwani ya seva yako), halafu rudia ukiongeza `-R` ili data itembee upande wa pili. Gigabiti yenye afya hutoa karibu megabiti 940. Ukipata kama 300 kwenye Raspberry Pi 3B+, usihangaike: poti yake inapitia USB 2.0, huo ndio mwisho wake.

iperf3 ikitoa 940 lakini faili bado linajikokota, mtandao hauna kosa. Pima diski kwa `sudo hdparm -t /dev/sda`. Diski ya nje ya USB 2.0 haitapita megabaiti 40. Kwenye `sudo smartctl -A /dev/sda`, safu ya RAW_VALUE ya namba 197 (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikiwa juu ya sifuri, hamisha data yako leo. RAW_VALUE ya namba 199 ikiendelea kupanda, badilisha waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao. Fungua pia `top` wakati wa kunakili: mount.ntfs ikila prosesa yote, diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ndiyo inayoichosha seva, ihamishie ext4, mfumo wa faili wa Linux. SFTP, njia ya kuhamisha faili kwa usimbaji, nayo ni nzito kwa prosesa isiyo na AES (amri za usimbaji ndani ya prosesa), kwa hiyo ndani ya nyumba tumia Samba au NFS, njia za kushiriki faili kwenye mtandao.

Ukishabadilisha waya, endesha `iperf3 -c 192.168.1.10 -t 60` huku ukitikisa taratibu kila kichwa cha RJ45 kwa vidole. Kasi ikianguka hata kwa sekunde moja, kata kichwa hicho ubane kingine.