"Present" ya wapi, mwalimu?

Kila Jumamosi alasiri ninafundisha Kiingereza katika chumba cha kuazima huko Nsambya, Kampala. Wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima waliotoka mashariki mwa Kongo, ambao nyumbani na sokoni husema Kiswahili, ilhali shuleni walisomeshwa kwa Kifaransa. Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini anayeomba kazi hapa mjini bado huandika barua yake kwa Kiingereza, kwa hiyo darasa langu halikosi watu.

Mara nyingi kinachowatatiza si sarufi yenyewe bali majina yake. "Sentence" wanaijua kuwa hukumu ya mahakama, "clause" ni kifungu cha mkataba, na "article" ni makala ya gazeti, hata ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sarufi huonekana kama jalada la kesi. Hayo tunayamaliza upesi. Linalotuchukua majuma ni lile umbo la kitenzi liitwalo "present perfect", kama "I have seen", yaani "nimeona", ambalo jina lake lina "present", wakati uliopo.

Mama mmoja mshonaji aliandika daftarini: "I have seen the customer yesterday." Nilipomwekea alama nyekundu, aliniuliza, "Sasa hiyo 'present' ni ya wapi, mwalimu, na mteja nilishamwona?" Aliuliza kwa haki. Kifaransa nacho huunda umbo kama hilo kwa kitenzi cha "kuwa na", ila huliita wakati uliopita na hakioni tabu kulitaja pamoja na jana. Kiingereza hutazama kitenzi kisaidizi "have", ambacho kimo katika wakati uliopo, na ndiyo maana umbo hilo halikubali kufungwa na siku iliyokwisha kupita. Neno "perfect" nalo halihusu kukosa dosari, kwani asili yake ni Kilatini, lenye maana ya jambo lililokamilika. Wanasarufi wetu walipoliita "timilifu" walilenga barabara, na nadhani jina lao ni bora kuliko lile la Kiingereza.

Bahati nzuri, au mbaya, juma hilohilo aliyetunza ufunguo wa chumba aliupoteza, nasi tukasomea uani. "I have lost the key" ni kauli ya mtu aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono mitupu. "I lost the key" yaweza kusemwa hata na aliyekwisha kuupata, ameketi ndani akinywa chai. Ndivyo "nimeupoteza" inavyotofautiana na "niliupoteza". Hata hivyo niliwaonya wasiifuate "-me-" kwa upofu, kwa sababu "amelala", "amevaa" na "amesimama" hueleza hali aliyo nayo mtu sasa, na Kiingereza hapo hutumia "is". Ukisema "he has slept" juu ya mtu anayekoroma mbele yako, msikilizaji atadhani ameshaamka.

Jumamosi iliyofuata mama yule alinifungulia daftari lake bila kusema neno. Alikuwa ameandika mistari miwili: "I saw the customer yesterday. She has not paid." Nilimwekea alama ya vyema kwa kila mstari, kisha nikamuuliza anadai shilingi ngapi.